Hatima ya taji la jino huamuliwa jino linapochongwa

WAGONJWA wengi wanapowekewa taji la jino, jambo la kwanza wanaloomba ni kioo. Rangi ikiwapendeza, humsifu daktari; isipowapendeza, humlaumu fundi wa maabara. Ni wachache wanaofahamu kwamba mengi kati ya yale wanayoyaona kiooni, na karibu yote watakayoyaona baada ya miaka mitano au kumi, yaliamuliwa wiki kadhaa awali, jino lilipokuwa likichongwa ili kulipokea taji hilo.

Uamuzi huo hauna marejeo. Enameli, yaani gamba jeupe la nje, ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini haina chembe hai za kuijenga upya. Mfupa uliovunjika huunga na ngozi iliyokatwa hupona. Enameli ikishaondolewa, imeondoka. Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Kiasi kinachoondolewa si kidogo. Utafiti kuhusu meno ya mbele uliochapishwa mwaka wa 2002 ulionyesha kwamba taji zima huhitaji kuondolewa kwa kati ya asilimia 63 na 72 ya sehemu ya jino inayoonekana juu ya ufizi. Kwa maneno mengine, anayevikwa taji hubakia na takribani thuluthi moja tu ya sehemu hiyo. Kwa sababu hii, ni muhimu kwa yeyote anayepania kuwekewa taji aelewe kinachofanyika mdomoni mwake kabla ya mashine kuanza kuvuma.

TAJI LINAHITAJIKA LINI?

Taji ni kifuniko kinacholizunguka jino lote lililosalia na kulirejeshea umbo, nguvu na sura. Aina inayozungumziwa hapa ni ile ya metali iliyovikwa kauri: ndani kuna kikombe chembamba cha metali, na nje kuna kauri yenye rangi ya jino.

Jino linalostahili taji ni lile ambalo haliwezi tena kujitegemea. Mathalan, gego lililozibwa mara kadhaa hadi kuta zake zikawa nyembamba, jino lililopasuka, au lile ambalo mizizi yake imesafishwa na kuzibwa baada ya kiini chake kufa. Meno kama hayo yakiachwa bila kinga huweza kupasuka siku moja mtu anapotafuna mahindi ya kuchoma.

Jino lenye afya ambalo kasoro yake ni rangi tu ni suala tofauti. Katika maeneo kadhaa ya Bonde la Ufa, yakiwemo Nakuru na Naivasha, maji ya visima yana madini ya floraidi kwa wingi, na watoto waliokulia huko wengi wana meno ya rangi ya kahawia. Kijana mwenye meno hayo huona haya kucheka hadharani, na akipata kazi, huenda akatumia mshahara wake wa kwanza kutafuta taji.

Hata hivyo, kijana ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi. Kiini cha jino, yaani sehemu laini ya katikati yenye mishipa ya damu na ya fahamu, huwa kikubwa katika umri mdogo na hupungua kadiri miaka inavyosonga. Kulichonga jino la kijana ni kukikaribia kiini hicho. Kuna njia nyepesi za kujaribu kwanza, kama vile kuling'arisha jino kwa dawa, kuusugua uso wake kidogo, au kuligandishia kipande chembamba cha kauri upande wa mbele. Utafiti huo wa 2002 ulionyesha kuwa njia ya kugandisha huondoa kati ya asilimia tatu na 30 pekee ya jino.

KWA NINI METALI NA KAURI

Madaktari wa zamani walikuwa na njia mbili, na kila mojawapo ilikuwa na ila yake. Taji la dhahabu lilikuwa imara lakini liling'aa kwa rangi ya manjano kila mtu alipofungua kinywa. Taji la kauri tupu, ambalo mwanzilishi wake anatajwa kuwa Charles Land, daktari wa meno wa mji wa Detroit nchini Marekani, lilipendeza macho lakini lilivunjika upesi.

Mwaka wa 1907, Mmarekani mwingine, William Taggart, alionyesha namna ya kusubu dhahabu kwa kutumia kielelezo cha nta. Nta ilichongwa kwa umbo lililohitajika, ikazungushiwa udongo maalumu, ikayeyushwa, na dhahabu ya moto ikamiminwa mahali pake. Tangu hapo iliwezekana kutengeneza metali inayokaa juu ya jino bila kuacha mwanya mkubwa.

Lililobaki lilikuwa kuiunganisha metali hiyo na kauri. Tatizo lilikuwa joto. Vitu hivi viwili vilitanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na taji lilipotolewa tanuri na kupoa, kauri ilipasuka. Suluhisho liliandikishwa kwa hataza nchini Marekani mwaka wa 1962: kauri iliyochanganywa kwa namna inayoipa fuwele za lusiti, ambazo huifanya itanuke karibu sawa na metali.

Mafundi huhakikisha kuwa metali inasinyaa zaidi kidogo kuliko kauri. Kwa njia hiyo metali huibana kauri inapopoa. Kauri ina tabia ya jiwe: huvumilia kubanwa lakini haivumilii kuvutwa. Nguvu ya taji zima inatokana na mbano huo, na mbano hauwi sawa kauri isipokuwa na unene ufaao na metali ya kuiegemea kila mahali.

HESABU YA MILIMITA MOJA NA NUSU

Hapa ndipo kazi ya daktari inapoungana na ya fundi. Metali huhitaji unene wa kati ya milimita 0.3 na 0.5. Juu yake hupakwa tabaka la kauri nzito la takribani milimita 0.3, ambalo kazi yake ni kuuficha weusi wa metali. Hatimaye huja kauri yenye kupitisha mwanga, ambayo ndiyo humfanya mtazamaji aamini kwamba anaona jino halisi. Hii huhitaji karibu milimita moja.

Ukijumlisha, utapata takribani milimita moja na nusu upande wa mbele wa jino. Kwenye ncha ya jino la mbele, na kwenye sehemu ya gego inayotafunia ikiwa itafunikwa kwa kauri, huhitajika milimita mbili. Upande wa ndani unaoelekea ulimi, ambako metali peke yake yatosha, si lazima kuzidi milimita moja.

Daktari akichonga pungufu, anamwachia fundi njia mbili, zote mbaya. Ya kwanza ni kuipunguza kauri ya juu, na hapo lile tabaka la kuficha metali huchungulia; jino huonekana jeupe kama lililopakwa chokaa. Ya pili ni kulifanya taji kuwa nene kuliko jino la awali. Taji kama hilo hujitokeza kuliko majirani zake, hukusanya mabaki ya chakula kando ya ufizi, na ufizi huvimba na kutoka damu.

Akichonga kupita kiasi, madhara hujificha zaidi. Chini ya enameli kuna dentini, ambayo imejaa vijia vidogo vinavyoelekea kwenye kiini. Kadiri mtu anavyokikaribia kiini ndivyo vijia hivyo vinavyoongezeka na kupanuka. Kiini kinaweza kujeruhiwa na kufa polepole bila maumivu, na mgonjwa akagundua baada ya miaka kadhaa jipu linapotokea kwenye ufizi. Wakati huo daktari hulazimika kulitoboa taji lenyewe ili aifikie mizizi.

Kutokana na hesabu hii, daktari mwenye ujuzi huanza kupanga kutoka mwisho. Kabla ya kuligusa jino, huamua kauri itaishia wapi na metali itaonekana wapi. Humwambia mgonjwa aume karatasi yenye rangi ili aone mahali meno ya juu na ya chini yanapokutana. Mahali metali na kauri zinapoungana hapafai kuwa pale pale meno yanapogongana, bali umbali wa takribani milimita moja na nusu kutoka hapo. Mpaka huo ukigongwa kila siku, kauri humeguka.

JINO LINAPOCHONGWA

Rangi ya taji huchaguliwa kwanza, kabla ya sindano ya ganzi, kwa mwanga wa mchana. Jino likikaa kinywa kikiwa wazi kwa muda hukauka na kuonekana jeupe kuliko lilivyo, na taji litakalofuata rangi hiyo halitalandana na meno mengine.

Kisha daktari huchukua alama ya jino kwa mpira laini unaoganda. Kipande hicho kikirudishwa mdomoni wakati wa kuchonga, mwanya unaoonekana kati yake na jino humwonyesha ni kiasi gani kimeondolewa. Aidha, hutangulia kuchora mifereji yenye kina kinachojulikana juu ya jino, halafu huondoa sehemu zilizosalia kati ya mifereji hiyo. Macho peke yake hayatoshi kukadiria nusu milimita ndani ya kinywa chenye mate na giza.

Uso wa jino la mbele la juu umepinda, haukunyooka kama ubao. Sehemu iliyo karibu na ufizi inaelekea upande mmoja, na ile ya kuelekea ncha ina mwinamo wake. Daktari hulazimika kuchonga kwa kufuata miinamo hiyo miwili. Akichonga kwa mstari mmoja ulionyooka, ama atakikaribia kiini mno, ama ataiacha sehemu ya nchani bila nafasi ya kutosha kauri. Taji nyingi za mbele zinazoonekana kufura au kuwa na weupe usio wa kawaida zilianza na kosa hili.

Joto nalo ni hatari. Tangu John Borden alipoleta mashine inayoendeshwa kwa hewa mwaka wa 1957, ncha zenye chembe za almasi huweza kuzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika. Majaribio yaliyofanyiwa nyani na kuchapishwa mwaka wa 1965 yalionyesha kuwa joto la kiini likiongezeka kwa nyuzi 5.5 za Selisiasi, asilimia 15 ya viini hufa. Ndiyo maana maji hunyunyizwa bila kukoma, na daktari hugusa na kuachilia badala ya kukandamiza. Yale maji yanayomkera mgonjwa kooni ndiyo yanayolilinda jino lake.

Umbo la kisiki kinachobakia huamua kama taji litashika au litang'oka. Vikombe viwili vya plastiki vinavyolingana, kimoja kikiingizwa ndani ya kingine, hung'ang'aniana. Kikombe kikifunikwa juu ya chungwa huyumba. Kuta za kisiki zinapaswa kuinama kidogo tu kuelekea juu. Vitabu vya kufundishia vimezoea kutaja nyuzi sita kati ya kuta mbili zinazotazamana, ingawa mdomoni nyuzi 10 hadi 20 huhesabiwa kuwa kazi nzuri. Urefu wa kisiki nao usipungue milimita tatu kwa meno ya mbele na milimita nne kwa magego. Pembe kali hulainishwa, kwa sababu pembe ni mahali ufa unapopenda kuanzia.

Kwa jino ambalo mizizi yake ilizibwa, kuna sharti la ziada. Taji linapaswa kukumbatia mshipi wa jino halisi wenye kimo cha milimita moja na nusu hadi mbili, pande zote. Mshipi huo hufanya kazi kama pete ya chuma inayouzuia mpini kupasuka. Ukikosekana, hata taji la bei ghali huweza kung'oka pamoja na kisiki chake.

UKINGO NA UFIZI

Sehemu nyeti kuliko zote ni ukingo, yaani mstari ambapo taji huishia na jino huanza. Upande wa mbele, ambako kuna kauri, daktari huchonga bega lenye upana wa kati ya milimita 1.2 na 1.5 ili kauri ipate pa kukaa. Upande wa ndani, ambako kuna metali tupu, ukingo mwembamba wa nusu milimita hutosha. Mstari wote unapaswa kuwa laini, usiokatika, na ulio juu ya jino zima wala si juu ya kizibo cha zamani.

Wagonjwa wengi hutaka ukingo ufichwe ndani ya ufizi ili weusi wa metali usionekane. Ombi hilo lina mpaka. Vipimo vilivyochapishwa mwaka wa 1961 vilionyesha kuwa ufizi umeshikamana na jino kwa wastani wa takribani milimita mbili juu ya mfupa wa taya. Ukingo ukizamishwa hadi kuingilia sehemu hiyo, mwili huuona kama adui. Ufizi hubakia mwekundu na kutoka damu hata mtu apige mswaki namna gani, na hatimaye mfupa hurudi nyuma. Kwa hiyo, kwenye meno ya mbele daktari huzamisha ukingo kwa nusu milimita hivi, na kwenye magego ambayo hayaonekani ni heri auache juu ya ufizi, mahali mswaki unapofika.

Baada ya kuchonga, uzi mwembamba huingizwa kati ya ufizi na jino ili ukingo uonekane vizuri, kisha alama huchukuliwa na kupelekwa maabara. Mgonjwa huvikwa taji la muda. Hili si la urembo tu. Hukilinda kisiki dhidi ya baridi na bakteria, na huyazuia meno ya jirani kusogea. Anayeondoka bila taji la muda huenda akarudi akute taji la kudumu haliingii.

Maabarani, fundi hutengeneza kikombe cha metali, hukipasha moto kipate utando mwembamba wa oksidi ambao kauri itauung'ang'ania, kisha hupaka na kuoka kauri tabaka kwa tabaka katika tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 900. Haijalishi ustadi wake. Hawezi kuongeza nafasi ambayo haikuchongwa wala kuunyoosha ukingo ambao alama haikuunasa.

TAJI HUDUMU MUDA GANI?

Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa mwaka wa 2015 yalikadiria kuwa, kati ya kila mataji 100 ya metali na kauri, karibu 95 huwa yangali mahali pake baada ya miaka mitano. Mengi hudumu zaidi ya hapo. Yanayoharibika huanguka kwa sababu zinazojulikana: jino kuoza ukingoni, taji kulegea, kauri kumeguka, kiini kufa, au ugonjwa wa fizi. Karibu kila mojawapo inaweza kuhusishwa na namna jino lilivyochongwa au lilivyosafishwa baadaye. Kauri haiozi, lakini jino lililo chini yake huoza.

Leo kliniki nyingi zinatumia kauri ya zirkonia isiyo na metali ndani. Baadhi ya mataji hayo huhitaji kuchongwa kidogo zaidi, lakini kanuni za ukingo, mwinamo na joto hazijabadilika. Fauka ya hayo, metali nyingi za bei nafuu zina nikeli. Mtu ambaye ngozi yake huwashwa na herini au saa za bei ya chini anapaswa kumfahamisha daktari mapema.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kuketi kitini. Je, hakuna njia nyingine itakayoondoa sehemu ndogo zaidi ya jino? Je, eksirei inaonyesha kiini na mizizi viko salama? Metali gani itatumika? Ukingo utaishia wapi? Taji la muda litakuwepo? Daktari anayeijua kazi yake hachoshwi na maswali kama hayo. Inafaa pia kuhakikisha kuwa mhudumu ana leseni ya Baraza la Madaktari wa Tiba na wa Meno nchini (KMPDC), kwani yupo anayeahidi kumaliza kila kitu kwa alasiri moja na kwa nusu ya bei.

Siku ya kupachika taji, ni vyema mgonjwa asiridhike na rangi pekee. Aume taratibu na kusikia kama taji linatangulia kugusana na meno mengine. Apitishe uzi wa meno kando yake. Uzi ukikwama au ukichanika, huenda ukingo haukukaa sawa. Kabla saruji haijakauka, taji lingali linaweza kurudishwa kwa fundi. Jino lililochongwa vibaya haliwezi kurudishwa kwa yeyote.